Injini ndogo za tabini zazidi kuteka soko la ndege ndogo

KWA abiria anayesubiri safari ya asubuhi katika uwanja wa ndege wa Arusha, sauti ya injini haimwambii kitu. Anatazama saa, anaangalia begi lake likipimwa kwenye mizani, na mawazo yake tayari yako Serengeti au Zanzibar. Lakini kwa mwenye ndege sauti hiyo ni hesabu. Mngurumo mzito unaokohoa mara moja mbili kabla ya kutulia ni wa injini ya pistoni inayokunywa petroli ya ndege. Mlio mwembamba unaopanda taratibu kama wa filimbi, kisha pangaboi likashika kasi, ni wa injini ya tabini.

Kwa miaka mingi tabini ilihesabiwa kuwa ni mali ya mashirika makubwa. Leo hali imebadilika. Katika viwanja vya Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar na Wilson jijini Nairobi, ndege nyingi zinazobeba watalii, wagonjwa, wamisionari na mizigo midogo zinavutwa na injini hizo. Swali ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza si kama tabini ni nzuri, bali ni wakati gani inalipa, na ni wakati gani inaweza kumfilisi mwenye nayo.

Tofauti ya pistoni na tabini

Injini ya pistoni ya ndege haina tofauti kubwa na ya gari. Petroli huchanganywa na hewa, plagi hutoa cheche ndani ya silinda, pistoni husukumwa chini na kurudi juu. Ina sehemu nyingi zinazokwenda mbele na kurudi nyuma, na kila moja ina msuguano na mtikisiko wake.

Tabini hufanya kazi kwa mzunguko tu. Hewa huvutwa ndani na kukandamizwa, huingia kwenye chumba cha moto ambako mafuta yanawaka mfululizo, kisha hewa moto inayotoka kwa nguvu huzungusha magurudumu yenye mapanga madogo ya chuma. Gurudumu moja huendesha mtambo wa kukandamiza hewa. Jingine, kupitia gia, huzungusha pangaboi. Hakuna pistoni ya kupanda na kushuka, wala plagi ya kuwaka maelfu ya mara kwa dakika. Injini inapokwisha kuwaka, moto wake hujiendeleza wenyewe.

Faida ya kwanza ni uzito. Injini ya pistoni yenye silinda sita inayotoa nguvu farasi 300 ina uzito wa takriban kilo 200. Tabini aina ya PT6A-114A, inayotumika katika ndege nyingi za Cessna Caravan, hutoa nguvu farasi 675 ikiwa na uzito wa kilo 160 hivi. Kwa mwenye ndege, kila kilo inayopungua kwenye injini ni kilo inayoweza kuuzwa kama nafasi ya abiria au mzigo.

Ilivyoanzia Canada

Historia ya soko hili haiwezi kuandikwa bila kuitaja PT6. Ilibuniwa na kampuni ya Pratt & Whitney Canada mwishoni mwa miaka ya 1950, ikarushwa kwa majaribio mwaka 1961, na kuanza kazi ya kibiashara mwaka 1964. Tangu wakati huo zaidi ya injini 50,000 za ukoo huo zimetengenezwa, zikiwamo za helikopta.

Mpangilio wake ni wa kipekee. Hewa huingia kwa nyuma na moshi hutoka karibu na mbele. Ndiyo maana Caravan ina bomba kubwa la moshi kwenye pua, upande wa kulia. Aidha, gurudumu linalozungusha pangaboi halikuunganishwa kwa chuma na sehemu inayotengeneza hewa moto. Ni hewa tu inayoziunganisha. Kwa sababu hiyo injini ni rahisi kuwasha, na sehemu yake ya mbele inaweza kufunguliwa ili kukagua eneo la moto bila kuishusha injini nzima.

Hata hivyo, injini nzuri bila ndege inayofaa haiuziki. Ndege iliyoifungulia tabini mlango wa viwanja vya vumbi ni Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1982 na kupata cheti mwaka 1984. Mteja wake mkubwa wa mwanzo alikuwa kampuni ya vifurushi ya FedEx ya Marekani, iliyotaka ndege ya injini moja ya kukusanya mizigo kutoka miji midogo. Hadi sasa zaidi ya Caravan 3,000 zimekabidhiwa kwa wateja duniani. Uswisi nayo ilitoa Pilatus PC-12, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1991 na kuvuka idadi ya ndege 2,000 mwaka 2023. Huduma ya madaktari wa anga ya AMREF yenye makao yake Wilson ni miongoni mwa watumiaji wa PC-12 katika ukanda huu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria. Kwa muda mrefu mamlaka za anga katika nchi zilizoendelea hazikutaka ndege ya injini moja ibebe abiria wa kulipa usiku au ndani ya mawingu. Marekani ililegeza masharti hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ulaya ikafuata mwaka 2017, baada ya kumbukumbu za tabini kuonyesha kuwa injini hizo huzima angani kwa nadra sana. Hatua hizo ziliongeza wateja, na wateja wakaongeza uzalishaji.

Mafuta ndiyo yaliyoamua

Afrika, hata hivyo, sababu iliyosukuma wengi kuhama ni mafuta. Injini nyingi za pistoni hutumia petroli ya ndege, inayojulikana kama Avgas. Matumizi yake duniani ni madogo, wanaoitengeneza ni wachache, na katika nchi nyingi za Afrika huingizwa kwa kiasi kidogo, mara nyingine kwa mapipa. Meli ikichelewa, ndege zinalala.

Tabini hutumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa ambayo ndiyo yanayotiwa kwenye ndege kubwa za abiria. Penye uwanja mkubwa, Jet A-1 ipo. Mwenye ndege ndogo ananufaika na msururu wa ugavi uliojengwa kwa ajili ya wakubwa.

Kuna jambo jingine. Avgas inayotumika zaidi bado ina madini ya risasi, sumu iliyokwisha kuondolewa kwenye petroli ya magari. Marekani imejiwekea lengo la kuachana nayo ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Soko kubwa likiiacha, haitarajiwi kuwa viwanda vitaendelea kuitengeneza kwa ajili ya ndege chache za Dodoma au Lodwar. Anayenunua ndege ya Avgas leo hana budi kujiuliza atatia nini miaka kumi ijayo.

Hesabu ya kiti kimoja

Wengi hudhani tabini imeshinda kwa sababu inakula mafuta kidogo. Si kweli. Tuchukue mfano rahisi. Caravan kubwa hutumia takriban lita 190 kwa saa, hubeba abiria 12 na hukata kilomita 300 hivi kwa saa. Ikijaa, kila kiti kinatumia lita 5.3 kwa kilomita 100. Cessna 206 ya pistoni, yenye abiria watano, hutumia takriban lita 60 kwa saa kwa mwendo wa kilomita 240. Kila kiti kinatumia lita 5. Tofauti ni ndogo, na hiyo kidogo iliyopo ni kwa faida ya pistoni.

Matengenezo makubwa nayo yana hesabu yake. Injini ya pistoni ya kundi hilo hutakiwa kufumuliwa baada ya saa 2,000 hivi. PT6 ya Caravan hupewa saa 3,600, na wenye mpango maalumu wa ukaguzi huweza kuongezewa. Lakini gharama zake haziko daraja moja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa pistoni inafumuliwa kwa dola 60,000 na tabini kwa dola 360,000. Akiba ya kuweka ni dola 30 kwa kila saa ya pistoni na dola 100 kwa kila saa ya tabini. Ukigawa kwa viti na mwendo, kiti cha pistoni kinabeba senti 2.5 za dola kwa kilomita, na cha tabini senti 2.8. Hapa pia pistoni haijashindwa.

Basi tabini inashinda wapi? Kwanza, bei na upatikanaji wa mafuta, kama ilivyoelezwa. Pili, rubani mmoja au wawili wanabeba watu 12 badala ya mmoja kubeba watano. Tatu, ndege inayoweza kuruka kila siku haipotezi wateja kwa kulala karakanani. Nne, imani. Wakala wa utalii na kampuni ya bima wanapoona tabini, maswali hupungua. Mtalii aliyelipa dola elfu kadhaa kwa likizo yake hataki kusikia habari ya plagi.

Lakini faida zote hizo zina sharti moja: ndege iruke, na iruke ikiwa imejaa. Caravan hiyo hiyo ikiondoka na abiria sita, kila kiti kinatumia lita 10.6 badala ya 5.3.

Mtaji ndio mzigo mkubwa zaidi. Caravan mpya ya toleo la karibuni bei yake ni ya kiwango cha dola milioni 3. Mkopo wa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 8 unadai dola 240,000 kwa mwaka kabla ya kurudisha hata senti ya mtaji. Ndege ikiruka saa 1,000 kwa mwaka, riba ni dola 240 kwa saa. Ikiruka saa 300, riba ni dola 800 kwa saa. Mwenye trekta anaijua hesabu hii: trekta linalolima ekari chache kwa msimu humla mwenyewe. Aprili na Mei, masika yanaponyesha na baadhi ya kambi za watalii zikafungwa, abiria hupungua, lakini riba haiendi likizo.

Ndiyo maana wengi katika ukanda huu huanza na ndege zilizotumika. Si kosa, ilimradi mnunuzi asome vitabu vya injini kabla ya kutazama rangi ya ndege. Tabini iliyobakiza saa 300 kabla ya matengenezo makubwa si rahisi kama bei yake inavyosema. Mnunuzi amerithi deni.

Vumbi, joto na chumvi

Saa 3,600 za kitabu ziliandikwa kwa mazingira ya kawaida. Mazingira ya Afrika Mashariki si ya kawaida. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Serengeti viko juu zaidi. Mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi, na rubani analazimika kuisukuma injini karibu na kikomo chake cha joto ili apate nguvu ile ile. Joto ndilo adui wa mapanga ya tabini. Nyuzi chache zinazozidishwa kila siku hazionekani leo. Zinaonekana siku fundi anapofungua eneo la moto, na badala ya kusafisha anaagiza vipuri vipya.

Vumbi la viwanja vya changarawe nalo hukwangua mapanga ya kukandamiza hewa kama msasa. Caravan ina mlango maalumu kwenye njia ya hewa unaosaidia kutenganisha vumbi na hewa inayoingia, lakini lazima rubani akumbuke kuutumia. Pwani, kwa ndege zinazokwenda Zanzibar, Pemba na Mafia, tatizo ni chumvi. Dawa yake ni kuosha injini kwa maji safi mara kwa mara. Ni kazi ya muda mfupi, yenye gharama ndogo, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kurukwa shughuli zinapobana.

Injini ikifikia muda wake, safari yake ni ndefu. Matengenezo makubwa hufanyika katika karakana chache zilizoidhinishwa, nyingi zikiwa nje ya ukanda huu, na malipo ni kwa dola. Mwenye ndege aliyekuwa akikusanya shilingi anajikuta anazitafuta dola sokoni wakati mmoja na waagizaji wa mbolea na mafuta. Baada ya mwaka 2020, viwanda vya anga duniani vilipoyumba, vipuri na nafasi za karakana vilichelewa. Aliyekuwa na injini ya akiba, au mkataba wa kukodishiwa moja, alisalimika. Asiyekuwa nayo aliegesha.

Shambani nako imeingia

Soko la tabini halikuishia kwenye utalii. Ndege za kunyunyizia dawa mashambani, hasa Marekani, zimehamia huko kwa kasi tangu miaka ya 1970. Air Tractor AT-802 ya Texas, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1990 ikivutwa na PT6, ina tangi la lita 3,000 hivi. Shamba linalohitaji lita 10 za mchanganyiko kwa hekta, ndege hiyo humaliza hekta 300 kwa mruko mmoja. Ndege ya pistoni yenye tangi la lita 900 humaliza 90, kisha inarudi kujaza. Ugonjwa unapolishambulia zao, tofauti hiyo ni ya mavuno, si ya mafuta peke yake.

Afrika Mashariki ililiona jambo hili mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 70. Kundi la nzige la kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mwanzoni ndege za kunyunyizia zilikuwa chache mno kwa ukubwa wa tatizo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 baadhi ya makundi yalifika kaskazini mwa Tanzania.

Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki (DLCO-EA), lililoanzishwa mwaka 1962, kwa miaka mingi limefahamika kwa ndege zake aina ya Beaver. Beaver ilitengenezwa Canada kati ya mwaka 1947 na 1967, na nyingi zilitoka kiwandani na injini za pistoni. Ni ndege imara, lakini tatizo la petroli ya ndege linaihusu pia. Kwa mkulima wa mpunga au mtama anayesubiri kweleakwelea wadhibitiwe, hili si suala la kitaalamu tu. Kundi la ndege hao milioni 2 linakadiriwa kula tani 20 za nafaka kwa siku moja. Kila siku ambayo ndege ya kunyunyizia inasubiri mafuta au kipuri, gharama yake inapimwa kwa magunia.

Hata hivyo, tabini si njia pekee. Brazil, yenye moja ya makundi makubwa ya ndege za kilimo duniani, ilikwenda upande mwingine. Ndege yake ya Ipanema ilipewa cheti mwaka 2004 kuruka kwa ethanoli, nishati inayotokana na miwa ya nchi hiyo, ikiwa bado na injini ya pistoni. Brazil iliangalia kwanza ilichokuwa nacho shambani, ndipo ikachagua injini.

Ushindani na onyo

Kwa muda mrefu mpinzani mkuu wa PT6 alikuwa TPE331, inayotengenezwa sasa na Honeywell. Mwaka 2008 General Electric ya Marekani ilinunua kiwanda cha Walter cha Prague, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za Let 410 zinazojulikana sana barani Afrika. Kampuni hiyo ikabuni injini mpya, Catalyst, iliyopata cheti cha Marekani Februari 2025. Pratt & Whitney Canada nayo ilikuwa imekwisha kutoa mwaka 2019 toleo la PT6 linalosimamiwa na kompyuta, ambalo humsaidia rubani asivuke vikomo vya joto. Ushindani wa namna hii ni habari njema kwa mnunuzi.

Lakini soko hili lina makaburi yake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Eclipse ya Marekani iliahidi ndege ndogo ya jeti kwa bei isiyofika dola milioni moja, ikitegemea injini mbili ndogo mno. Injini za kwanza hazikufaa, zikaachwa mwaka 2002 na nyingine kutafutwa. Bei ikapanda. Kampuni ya DayJet ya Florida, iliyotarajia kuzitumia kwa mamia kama teksi za angani, ilisimamisha huduma Septemba 2008. Eclipse yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba mwaka huo, ikiwa imetengeneza ndege 260 hivi. Injini ndogo haikuwa imekosa wateja. Waliokosekana ni wateja wa idadi iliyoandikwa kwenye mpango wa biashara.

Umeme nao unabisha hodi. Mei 2020 Caravan iliyofungwa mota ya umeme iliruka kwa dakika 30 huko Marekani. Lakini uzito wa betri bado unakula nafasi ya abiria, kwa hiyo kwa safari za mbugani tabini bado haijapata mrithi.

Kazi iliyobaki

Kwa nchi za ukanda huu, fedha kubwa katika biashara ya tabini haiko kwenye kununua injini. Iko kwenye kuitunza kwa miaka 20 au 30 baada ya kununuliwa: ukaguzi, uoshaji, usawazishaji wa pangaboi, upimaji wa mafuta na ukaguzi wa eneo la moto. Kila kazi isiyoweza kufanyika nyumbani ni dola zinazotoka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) jijini Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege, na Kenya ina uzoefu wa muda mrefu pale Wilson. Fundi aliyeidhinishwa kufungua tabini huchukua miaka kupatikana, na akipatikana hutafutwa na nchi nyingi.

Kwa mwekezaji anayefikiria kuingia, somo ni lile lile la mwenye trekta na mwenye mashine ya kukoboa. Kwanza ahesabu abiria au hekta alizo nazo kwa uhakika, si anazozitarajia. Pili ajue injini ina saa ngapi zilizobaki na nani ataifungua. Tatu aweke akiba ya matengenezo kwa dola, kila saa ndege inaporuka, hata mwezi ambao faida ni ndogo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa tabini hujengwa kwa mamia ya maelfu ya dola.